Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame: Kuvua Trauti Bila Kukata Vichaka vya Mto



Vikundi vilivyo kando ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya vinazidi kutuuliza habari za uvuvi wa trauti. Vingine vina vijana wanaowaongoza wageni wanaokuja na fimbo zao kuvua. Vingine vinataka kuvua vyenyewe, kwa leseni, wanachama wapate kitoweo na pesa kidogo. Lakini swali linalorudi kila mara ni moja: mto ni mwembamba, vichaka vimefunga pande zote mbili, sasa mtu atarusha mshipi namna gani? Na jibu ambalo wengi wamejipa ni panga.

Katika makala hii tunataka kuonyesha ya kwamba panga si jibu. Iko mirusho ya mshipi inayofanyika chini ya matawi na katikati ya vichaka bila kukata hata kijiti kimoja. Si migumu. Kijana akijizoeza wiki chache ataiweza, na mama au mzee pia ataiweza, kwa maana haitaki nguvu. Inataka utulivu.

SAMAKI HUYU NI NANI?

Trauti si samaki wa asili ya Kenya. Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland, na samaki hao wakapandwa katika mto Gura unaoteremka kutoka Aberdare. Baadaye akaletwa trauti wa aina ya pili, yule wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Asili ya huyu ni Amerika ya Kaskazini. Katika miaka ya 1940 serikali ilijenga kituo cha kuzalisha trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Leo samaki hawa wanapatikana katika mito mingi ya baridi kama Gura, Chania, Thego, Ragati na Thiba.

Tunasema "mito ya baridi" kwa sababu. Trauti hutaka maji safi, yanayokwenda kasi na yenye hewa nyingi ndani yake. Maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika. Yakikaribia 25 na kukaa hivyo, hufa. Ndiyo maana humpati kule chini kwenye joto.

KICHAKA KINAFANYA KAZI GANI?

Hebu tuhesabu kazi za kichaka kabla ya kuinua panga.

Kwanza, ni kivuli. Mto mdogo ukivuliwa nguo yake, jua la mchana hupasha maji upesi.

Pili, ni chakula. Panzi, sisimizi, mbawakawa na viwavi huanguka kutoka kwenye majani hadi majini, na trauti anangoja hapo chini mdomo wazi.

Tatu, mizizi hushika udongo. Trauti hutaga mayai yake katikati ya changarawe safi. Ukingo ukimomonyoka, tope hufunika changarawe, mayai yanakosa hewa na kuoza.

Nne, ni maficho. Mdiria na fisi maji humtafuta trauti kila siku, naye hujificha pale penye matawi yaliyoinama. Maana yake, samaki uliyetaka kumfikia alikuwa pale kwa ajili ya kile kichaka ulichokata. Ukimaliza kufyeka, naye amehama.

Katika kikundi kimoja tulichotembelea, vijana walikuwa wamefyeka ukingo kipande kirefu ili wageni warushe kwa nafasi. Msimu ule wa kwanza wageni walifurahi. Mvua ya masika ilipokuja, ukingo uliofyekwa ukaanza kuporomoka, na akina mama waliokuwa wakiteka maji upande wa chini wakawa wanateka tope. Mambo yakafika kwa chifu. Wazee walipowasikiliza vijana waliona ya kwamba hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanatafuta riziki, na hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha njia nyingine. Walikubali kupanda upya, lakini kichaka kinachokatwa kwa asubuhi moja huchukua miaka kurudi. Hiyo ndiyo sababu tunaandika haya kabla kikundi kingine hakijafika huko.

KWA NINI MSHIPI UNANASWA?

Mvuvi wa ziwani hufunga risasi au jiwe dogo kwenye mshipi. Akirusha, uzito ule huvuta mshipi kwenda mbele. Uvuvi tunaousema hapa ni tofauti. Ndoana imefungwa manyoya ya kuku na nyuzi ili ifanane na mdudu. Watu huiita nzi wa bandia, na sisi hapa tutaiita chambo. Chambo hiki hakina uzito wowote. Kwa hiyo uzito umewekwa katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Fimbo inarusha mshipi, na mshipi ndio unaobeba chambo. Kati ya mshipi mnene na chambo kuna uzi mwembamba wa nailoni ambao samaki hauoni kwa urahisi.

Sasa, katika mrusho wa kawaida mtu hutupa mshipi nyuma kwanza, unanyooka hewani, ndipo anautupa mbele. Akitaka kufika hatua nane mbele, anahitaji karibu hatua nane nyuma yake. Mahali palipo wazi hakuna shida. Mtoni penye vichaka, mshipi ukienda nyuma hushika tawi. Kumbe shida yote iko nyuma ya mvuvi. Basi tukipata mirusho isiyohitaji nafasi ya nyuma, au inayotumia nafasi ndogo iliyopo, tumemaliza shida.

Jambo la kutia moyo ni kwamba katika mto mdogo huhitaji kurusha mbali. Mara nyingi samaki yuko hatua tano au sita tu kutoka ulipo.

VIFAA

Fimbo fupi ndiyo nzuri kwa kurusha chini ya matawi, futi 6 hadi 7 na nusu, pamoja na mshipi mwepesi wa namba 3 au 4. Uzi wa nailoni usizidi sana urefu wa fimbo, la sivyo utashindwa kuumudu.

Ambaye hana pesa za vifaa vya dukani asikate tamaa. Huko Japani watu wa milimani wamevua mito midogo tangu zamani kwa fimbo ndefu isiyo na gurudumu la kukunjia mshipi. Mshipi unafungwa kwenye ncha ya fimbo, basi. Ufito mwepesi wa mwanzi unaweza kufanya kazi hiyo, hasa kwa mrusho wa kwanza tutakaoueleza. Lakini mianzi ya msituni usiikate bila ruhusa ya ofisi ya msitu. Tumieni ile iliyopandwa shambani.

Ndoana ibanwe ule mwiba wake mdogo kwa koleo hadi ulale. Ikimchoma mtu itatoka bila kuchana nyama, na samaki mdogo atarudishwa majini akiwa mzima.

MIRUSHO MITANO

1. Kudondosha

Huu ni rahisi kuliko yote. Nyemelea hadi kando ya kichaka, ukiwa umepiga magoti. Acha mshipi mfupi tu nje ya ncha ya fimbo, urefu wa mkono mmoja au miwili. Pitisha ncha polepole katikati ya matawi au juu yake, kisha shusha chambo hadi kiguse maji. Kiinue, kishushe tena, kama mdudu anayejaribu kuruka. Hapa hakuna kurusha kabisa. Kazi yote ni kufika bila kuonekana.

2. Mrusho wa upinde

Huu unafaa pale ambapo hata mkono huwezi kuuinua. Toa mshipi unaokaribia urefu wa fimbo. Kwa mkono wa kuume shika fimbo, na kwa kidole kimoja bana mshipi kwenye fimbo usiteleze. Kwa mkono wa kushoto shika chambo kwa vidole viwili, pale ndoana inapojipinda, ncha kali ikitazama mbali na vidole vyako. Elekeza fimbo kwenye tundu lililo kati ya matawi. Vuta chambo nyuma hadi fimbo ijikunje kama upinde. Lenga, kisha achilia. Fimbo itajinyoosha yenyewe na kukipeleka chambo mbele.

Mambo mawili ya kuangalia: usiachilie mshipi uliobanwa na kidole, na usivute chambo kikiwa mbele ya uso wako. Kivutie kando, usawa wa kiuno au wa bega.

3. Mrusho wa kuviringisha

Huu ndio mrusho mkuu wa mto mdogo, na anayeujua vizuri anaweza kuvua siku nzima bila kutupa mshipi nyuma hata mara moja.

(a) Anza mshipi ukiwa umelala juu ya maji mbele yako.
(b) Inua fimbo polepole, ukiuburuta mshipi juu ya maji kuja kwako. Usiukwanyue. Uache uteleze.
(c) Fimbo ikipita bega kidogo kwenda nyuma, simama. Mshipi utaning'inia kutoka kwenye ncha ukifanya tumbo nyuma ya kiwiko, huku sehemu yake nyingine ikiwa bado imeshikwa na maji. Ngoja kidogo tumbo hilo litulie.
(d) Sukuma fimbo mbele, ukianza taratibu na kuongeza kasi, kisha simamisha mkono ghafla kama mtu anayepigilia msumari. Mshipi utaviringika juu ya maji kama gurudumu na kulaza chambo mbele.

Wanaoanza hukosea katika (c), kwa maana hawangoji. Pia hukosea katika (d) kwa kushusha fimbo hadi majini badala ya kuisimamisha ikiwa bado juu. Haraka haraka haina baraka.

4. Mrusho wa ubavuni

Mara nyingine nyuma yako pana nafasi, ila matawi yamefunika juu kama paa. Hapo laza fimbo ubavuni, sambamba na maji, na urushe kwa kiwiko kikiwa karibu na mbavu. Mshipi utapita chini ya matawi, kiasi cha futi mbili tatu juu ya maji, na chambo kitaingia mvunguni mwa kichaka ambako samaki amejificha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa hata fimbo inainama pamoja naye.

5. Kutumia njia ya mto

Mto wenyewe ni barabara iliyo wazi. Ukisimama ndani ya maji ya magotini, ukitazama juu unakotoka mkondo, nyuma yako hakuna kichaka, kuna maji tu. Mshipi unaweza kwenda nyuma kwa kufuata njia ile ile ya mto. Kabla ya kurusha geuza shingo uangalie tundu liko wapi. Kama nyuma ni chini kidogo, tupa mshipi wa nyuma juu zaidi, karibu kuelekea mbinguni, ndipo uulete mbele. Mvuvi wa mto mdogo hutazama nyuma mara nyingi kuliko mbele.

KUMKARIBIA SAMAKI

Mrusho mzuri haufai kitu kama samaki amekuona. Trauti husimama akitazama mkondo unakotoka, kwa sababu chakula chake kinaletwa na maji. Basi mjie kutoka nyuma, yaani tembea ukielekea juu. Kanyaga polepole. Ukingo ukitikisika anajua. Kivuli chako kisipite juu ya maji. Nguo nyeupe na nyekundu ziache nyumbani, vaa za rangi ya majani au ya udongo.

Mtafute pale maji ya kasi yanapokutana na ya pole, nyuma ya mawe makubwa, na chini ya kingo zilizoliwa na maji. Rusha kwanza karibu, ndipo uende mbali. Ukianza na mbali, mshipi utawapitia walio karibu na wote watakimbia.

CHAMBO KIKINASWA

Kitanaswa tu, hata kwa fundi. Usivute kwa hasira. Elekeza fimbo moja kwa moja kwenye tawi, geuza uso kando, kisha vuta mshipi kwa mkono taratibu hadi kitoke au uzi ukatike. Ukivuta kwa fimbo iliyojikunja, ndoana hurudi kama risasi na inaweza kutoboa jicho. Uzi uliokatika uondoe mtini, maana ndege hunaswa miguu humo. Na wala usikate tawi kwa ajili ya chambo kimoja. Chambo kingine kitafungwa jioni. Kenya hufunga vyambo vya namna hii na kuviuza Ulaya na Marekani, kwa hiyo akina mama wenye vidole vyepesi na kuku wa nyumbani wanaweza kujifunza kazi hiyo pia.

MAZOEZI YA KIKUNDI

Chagueni siku moja kwa wiki, nusu saa inatosha. Badala ya ndoana fungeni kitita kidogo cha uzi wa sufu mwekundu, ili asiumie mtu.

Wekeni karai nyasini, hatua sita mbele. Kila mmoja arushe mara kumi, na mwenzake ahesabu ngapi zimeingia. Kisha fungeni kamba kati ya vijiti viwili, usawa wa kiuno. Mrusho wa ubavuni upite chini ya kamba hiyo bila kuigusa. Mrusho wa upinde nao unaweza kufanyiwa hapo hapo.

Mrusho wa kuviringisha haufundishiki vizuri nyasini, kwa sababu unahitaji maji yaushike mshipi. Nendeni kwenye bwawa au kidimbwi cha samaki. Wakati wote wa mazoezi na wa kuvua, vaeni kofia, na mwenye miwani avae.

SHERIA NA USALAMA

Kila anayevua, mgeni au mwenyeji, anahitaji leseni. Ulizeni ofisi ya uvuvi ya kaunti yenu. Ndani ya mbuga ya taifa au msitu wa serikali lazima pia kupata ruhusa ya wenye kusimamia mahali hapo. Kuvua kwa sumu, kwa baruti au kwa umeme ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016, na sumu hiyo hiyo inateremka hadi kwa ng'ombe na watoto wa walio chini. Msibebe trauti hai kumpeleka mto mwingine bila idhini. Ni samaki mgeni, na anaweza kumaliza viumbe vidogo ambavyo havijawahi kumjua.

Kuhusu wanyama, nyati na ndovu hupenda vichaka vile vile vya mto. Nendeni wawili au zaidi, na pale panapotakiwa nendeni na askari wa wanyama pori. Sauti ya maji hufunika sauti ya nyati, kwa hiyo mmoja avue na mwingine atazame. Mvua ikinyesha mlimani na maji yakaanza kubadilika rangi, tokeni mtoni mara moja.

Kwa vijana wanaoongoza wageni: elewaneni malipo kabla ya kuanza safari, na semeni mapema ya kwamba kikundi chenu hakikati vichaka. Mgeni akisema, "Nikatieni hapa," msibishane naye. Mwonyesheni mrusho wa upinde. Akipata samaki mmoja kutoka mahali alipodhani hapafikiki, hatauliza panga tena, na atawakumbuka ninyi atakaporudi.

Mwisho, wekeni daftari. Andikeni tarehe, sehemu ya mto, samaki wangapi walionekana na wangapi walichukuliwa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litawaambia kama mto wenu unapona au unachoka, na mtakuwa na neno la kusema mbele ya baraza au ofisi yoyote.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni sehemu gani za mto wetu zimekwisha fyekwa? Ni nani wanaoteka maji chini ya sehemu hizo?
2. Kati ya mirusho mitano, ni ipi inafaa mto wetu, na nani ataanza kujifunza ili awafundishe wengine?
3. Tutafanya nini mwanachama akikata kichaka cha mto? Je, tumeandika jambo hilo katika sheria za kikundi?
4. Ni miti na majani gani ya kwetu tunayoweza kupanda ukingoni kabla ya mvua zijazo?

Jadilianeni, mkubaliane jambo moja la kuanza nalo mwezi huu, kisha mtuandikie mlivyofanya. Barua za vikundi vinavyojaribu ndizo zinazofundisha vikundi vingine.